Sikio la Mbwa na Njuga Zilizopotea Hewani

Mwaka 1928 Siti binti Saad aliondoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza. Santuri zilizorudi zilibandikwa lebo ya His Master's Voice, na kwenye lebo hiyo alikaa mbwa kainamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni. Mbwa huyo hakuwa wa kubuniwa. Aliitwa Nipper, aliishi Uingereza akafa mwaka 1895, na mchoraji Francis Barraud alimchora miaka michache baadaye. Walioipeleka sauti ya Siti majumbani mwao walimpeleka na Nipper.

Picha ile iliisifu mashine: sauti ni halisi hata mbwa anaitambua. Lakini mashine za zama za Nipper zilirekodi kwa nguvu ya pembe tu, bila umeme, na zilibeba sauti za kuanzia takriban hezi 250 hadi 2,500. Sikio la mbwa hufika karibu hezi 45,000. Kilichotoka kwenye pembe kilikuwa kipande chembamba mno cha kile ambacho Nipper angekisikia kama bwana wake angesimama mbele yake na kumwita. Tangu hapo zimekuja redio, televisheni, ving'amuzi na simu, na kila moja imekatwa kwa kipimo cha sikio la binadamu. Mbwa na paka wa nyumbani wanaishi na kilichobaki baada ya kukatwa huko, pamoja na kelele nyingine ambazo wenye nyumba hawazisikii kabisa.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alijifunza hayo Migato. Leo Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu; alipokuwa anakua ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, kwani Simiyu ilianzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na kwenda mashariki ardhi inapakana na Pori la Akiba la Maswa na hatimaye Serengeti. Katika kaya kama ile aliyokulia, mbwa ni mlinzi wa zizi na fisi ndiye adui yake wa kila usiku. Paka ana ghala lake la nafaka. Wote wawili wanafanya kazi kwa masikio zaidi kuliko kwa macho, na usiku usio na mbalamwezi kaya nzima inategemea masikio hayo.

Sauti ya kwanza ya mashine katika kaya ile ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa mawimbi ya kati, kupitia redio iliyolishwa betri za National. Redio ilining'inizwa kwenye nguzo ya ukumbi, na chini yake alilala Chui, mbwa wa rangi ya udongo mwenye sikio moja lililopasuka. Watu wa kwenye redio waligombana katika michezo ya kuigiza, wakacheka, wakalia, mpira ukatangazwa kwa kelele, na Chui hakutikisika. Kisha kengele ya mbuzi ingelia mbali, nyuma ya mashamba, masikio yake yakasimama yote mawili.

Bibi aliliona hilo mapema. "Huyu anajua kwamba mle ndani hamna mtu," alisema.

Sababu yake inaweza kupimwa. Vituo vya mawimbi ya kati hupangwa kwa nafasi ya hezi 9,000 kati ya kimoja na kingine, hivyo sauti inayobebwa bila kuingiliana haizidi sana hezi 4,500. Kwa maneno ya binadamu inatosha, ndiyo maana taarifa ya habari ilieleweka vizuri hata kijijini. Lakini mbwa husikia vizuri zaidi karibu na hezi 8,000. Redio ilinyamaza kabla ya kufika mahali ambapo sikio la Chui linaanza kuwa kali. Kwake, mtangazaji alikuwa mvumo usio na pumzi, usio na mchakacho wa nyayo, usio na ule ukali wa herufi "s" na "ch" unaomtambulisha mtu aliyesimama karibu.

Televisheni ililetwa na mjomba, fundi wa redio na baiskeli. Ilikuwa ya chogo, ndogo, pamoja na deki ya video, na vyote viliendeshwa na betri ya gari kupitia invata. Betri ilikwenda mjini Bariadi kuchajiwa. Siku iliporudi, watu walijaa ukumbini hadi mlangoni kutazama kanda za ngoma, na wenye bahati walipata kigoda.

Jambo la ajabu lilikuwa la Chui. Mjomba akibonyeza swichi, kabla picha haijatokea, mbwa alinyanyuka, akalaza masikio nyuma, akapenya katikati ya miguu ya watu na kutoka. Alikwenda kulala kwenye ua wa minyaa, mgongo kwa nyumba. Alifanya hivyo kila mara, hata jua likiwa kali na kivuli kiko ndani.

"Anaogopa picha," alisema mgeni mmoja.

"Picha haijatoka bado," bibi akamjibu.

Mtoto mmoja akasema, "Bibi, hiyo inalia. Inalia iiii, nyembamba."

"Mimi sisikii kitu, mjukuu wangu."

Mjomba hakulipuuza neno la mtoto. Aliwapanga watoto wakiwa wameelekea ukutani, akapunguza sauti ya televisheni hadi mwisho, akaizima, kisha akaanza kuiwasha na kuizima kimyakimya. Walitakiwa kunyoosha mkono wakidhani imewaka. Mikono ilinyooka kila ilipowaka na kushuka kila ilipozimwa. "Mjomba, imewaka!" walipiga kelele, bila kugeuka. Watu wazima waliokuwa pale walitazamana, maana wao hawakusikia lolote.

Mlio ule ulikuwa wa kweli. Televisheni za chogo za mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, zilichora picha kwa mistari 625, mara 25 kwa sekunde. Zidisha: 15,625. Transfoma iliyokuwa ikiongoza uchoraji huo ilitetemeka kwa kasi hiyohiyo na kutoa mlio wa hezi 15,625. Mtoto anausikia. Mtu anapozeeka, masafa ya juu ndiyo hutangulia kupotea sikioni, kwa hiyo babu na bibi wamekaa kando yake miaka yote bila habari. Kwa mbwa, mlio huo hauko hata ukingoni mwa uwezo wake. Uko katikati kabisa. Chui alikuwa anaikimbia filimbi isiyonyamaza.

Na picha yenyewe haikumfaa. Kioo cha chogo kilimulika mara 50 kwa sekunde. Jicho la binadamu huuona mwanga huo kama umetulia, au karibu kutulia. Jicho la mbwa huweza kutofautisha mimweko hadi 70 au 80 kwa sekunde, hivyo kwake kioo kilikuwa kinapepesa mfululizo. Kuku, wanaoingia na kutoka katika nyumba nyingi za kijijini, wana macho ya kasi zaidi ya hapo.

Mabadiliko makubwa yalifuata. Usiku wa 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, kwanza Dar es Salaam. Mwanza ikafikiwa Februari 2013, na miji mingine kwa zamu yake. Migato, iliyo mbali na milingoti ya mjini, iliyapokea mabadiliko hayo kwa njia ya bidhaa: ving'amuzi, madishi madogo juu ya bati, sola, na televisheni bapa ambazo kila mtu alianza kuziita flati. Mwaka huohuo wa 2012, huko San Diego, Marekani, ilianza chaneli iitwayo DogTV, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa wanaobaki nyumbani peke yao, rangi zake zikielemea bluu na njano kwa kuwa hizo ndizo mbwa huzitofautisha vizuri.

Chui alikuwa ameshakufa zamani. Mbwa wa zamu sasa aliitwa Popi, na Popi hakutoka nje. Televisheni ikiwashwa alibaki kwenye sakafu, akatazama mpira, akafuata mchezaji anayekimbia kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Mbwa akibweka ndani ya filamu, Popi alijibu.

"Digitali imempendeza hata mbwa," majirani walisema, na kauli hiyo ikaenea hadi gulioni.

Mjomba hakuikubali haraka. Alikuwa na tabia ya kifundi ya kubadilisha kifaa kimoja kwa wakati mmoja, ili ajue kipi kimeleta nini. Hapa vitu vitatu vilikuwa vimebadilika pamoja: kioo, njia ya kupokea matangazo na spika. Akaitoa stoo ile televisheni ya chogo, akaipangusa vumbi, akaiunganisha na king'amuzi kipya kwa waya za AV. Mechi ileile, chaneli ileile. Popi alinyanyuka, akalaza masikio, akatoka.

Digitali, basi, haikuwa na sifa yoyote katika jambo hili. Kilichombakisha mbwa ndani ni kuondoka kwa mlio wa hezi 15,625 na kwa kioo kinachopepesa. Mwandishi ameishi na funzo hilo muda mrefu: vitu vikibadilika kwa mkupuo, watu humpa sifa au lawama yule anayetajwa sana, na mara nyingi aliyefanya kazi ni mwingine aliyekaa kimya nyuma ya kabati.

Upande wa sauti, hali ilikuwa ya kusikitisha zaidi, na ni ngoma iliyoifichua.

Msukuma wa Migato akicheza ngoma hufunga njuga miguuni, na wawindaji huwafunga mbwa wao njuga shingoni ili wajue waliko msituni. Kwa mbwa wa nchi ile, njuga ni sauti ya kazi. Jioni moja chaneli ilionyesha kikundi cha ngoma. Ngoma kubwa ilisikika vizuri, sauti ya manju ilisikika, maneno yalieleweka. Njuga zilikuwa zimegeuka kuwa mvumo wa "shshsh" uliopanda na kushuka, bila chembe, bila mguu mmoja kutofautika na mwingine. Popi alilala. Mjomba akainuka, akachukua njuga zake zilizotundikwa ukutani, akazitikisa mara moja. Mbwa alisimama wima. Kisha akaweka kanda ya zamani kwenye deki na kuicheza kwa spika ileile ya flati. Sauti ya kanda ilikuwa na mchakacho wa utepe na haikuvuka sana hezi 10,000, ila kila njuga ilianza na kukoma mahali pake. Popi aliinua sikio, akatazama mlangoni.

Ili kuelewa kilichozipata njuga, tuanze na hesabu. Sauti ya sidii hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16, kwa chaneli mbili za kushoto na kulia. Jumla ni kilobiti 1,411 kila sekunde. Katika utangazaji wa kidijiti, sauti ya chaneli ya televisheni kwa kawaida hupewa kilobiti 192, au 128, na wakati mwingine pungufu ya hapo. Kwa kilobiti 128, sehemu kumi kati ya kumi na moja za data zimeachwa njiani.

Kinachochagua kipi kibaki na kipi kiachwe ni programu zilizojengwa juu ya utafiti wa usikivu wa binadamu. Familia ya kanuni za MPEG, ambayo toleo lake la kwanza la sauti lilichapishwa mwaka 1993, inategemea jambo ambalo kila aliyewahi kusimama ngomani analijua: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo kimasafa. Vigelegele vikipanda, njuga zilizo jirani na masafa ya vigelegele hazisikiki kwa sekunde hiyo. Programu inazitambua sauti zilizofunikwa na kuacha kuzihifadhi. Inafanya kazi ya karani wa pamba anayetenga safi na fifi, na safi ndiyo inayopanda lori. Tofauti ni kwamba hapa vipimo vya usafi viliwekwa kwa kuwaketisha watu mbele ya spika na kuwauliza wanasikia nini. Hakuna mbwa aliyeketishwa.

Biti zikitosha, kazi hiyo ni ya kusifiwa, na wengi hawawezi kuitofautisha na sidii. Zikipungua, programu inalazimika kutupa hata kilichokuwa kinasikika, na inaanza na masafa ya juu. Baadhi ya mifumo ya kisasa, hasa ya AAC kwa kilobiti chache, haibebi kabisa sehemu ya juu. Kifaa cha nyumbani huijenga upya kwa kunakili sehemu ya chini na kuipandisha kwa maelekezo machache. Maneno hutoka safi. Njuga, kayamba na makofi huteseka, kwa sababu ni sauti fupi, kali, zinazoanza ghafla. Programu hukata muda vipande vipande, na ndani ya kipande kimoja makosa ya mpigo mkali husambaa hadi kabla ya mpigo wenyewe. Mamia ya njuga zikipigwa na miguu hamsini, makosa yote hayo huungana kuwa ule mvumo wa "shshsh".

Watangazaji wana sababu ya kubana hivyo. Nafasi ya masafa iliyobeba chaneli moja ya analojia sasa hubeba zaidi ya kumi, na bila hivyo kijiji kisingepata chaneli alizozizoea mtu wa Dar es Salaam. Ila bei yake imelipwa na sauti za juu, na sauti za juu ndizo makazi ya sikio la mnyama.

Paka anakutana na upungufu mkubwa kuliko wa mbwa. Usikivu wake hufika karibu hezi 85,000. Paka wa ghala pale nyumbani alipoona panya kwenye kioo cha flati kwa mara ya kwanza, alikuja mbio, akapiga kioo kwa kiganja, akazunguka nyuma ya televisheni kutafuta. Kisha akarudi ghalani, na filamu za panya hazikumvuta tena. Panya halisi huwasiliana kwa milio ya karibu hezi 22,000 wakati wa hofu na karibu hezi 50,000 wakati wa mchezo. Sauti ya televisheni ya kidijiti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kwa kanuni ya hesabu haiwezi kubeba chochote juu ya hezi 24,000. Kwa vitendo hukomea chini ya 20,000. Panya wa kwenye kioo, kwa sikio la paka, alikuwa bubu.

Hii haimaanishi kwamba wanyama hawaitikii sauti za mashine. Wanaitikia sana mashine ikiwapa kile wanachokihitaji, na ushahidi bora umetoka papa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1977, huko Amboseli nchini Kenya, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwachezea tumbili sauti zilizorekodiwa za tumbili wenzao zikitoka kwenye spika iliyofichwa. Mlio wa tahadhari ya chui uliwapandisha mitini, wa tai uliwafanya watazame juu, wa nyoka ukawasimamisha wakikagua majani. Mwaka 1994 Karen McComb na wenzake walichapisha majaribio yao ya Serengeti: simba jike walipochezewa ngurumo za simba wageni, walikuwa wepesi kuifuata sauti ya mmoja kuliko sauti ya watatu wakinguruma pamoja. Walikuwa wanahesabu kwa kusikia. Watafiti hao walikwenda na rekodi nzuri na spika zenye nguvu, kwa kuwa simba asingepoteza muda na sauti iliyokatwa miguu.

Hata majumbani, utafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn cha Marekani uliochapishwa mwaka 2025, uliotumia majibu ya wenye mbwa 453, ulionyesha kuwa sauti za mbwa wenzao ni miongoni mwa vitu vinavyowavuta zaidi kwenye televisheni, na kwamba mbwa waoga huitikia zaidi vitu kama kengele za mlango na honi za magari. Mbweko uko katika masafa ya kati. Unapita kwenye kilobiti 128 bila kujeruhiwa sana, na Popi aliyejibu filamu alikuwa anajibu kitu kilichomfikia kikiwa kizima.

Kisha nyumba ilinunua sabufa, kama nyumba nyingi, na sauti iliyokuwa imepungukiwa juu ikaongezewa chini. Sabufa iliwekwa sakafuni, kwenye saruji, kimo kilekile cha kichwa cha mbwa aliyelala. Spika ndogo za flati haziwezi kutoa vizuri sauti nzito, ndiyo maana simba wa filamu za wanyama alikuwa akinguruma hapo kabla bila kumsumbua mtu. Ngurumo ya simba ina nguvu yake nyingi chini ya hezi 300. Siku sabufa iliponguruma, saruji ilitetemeka, paka alipanda darini na Popi akatoka mbio hadi zizini, akazunguka ng'ombe akibweka gizani. Alikuwa ametimiza wajibu wake. Ng'ombe nao walisimama wote, na ilichukua muda kuwatuliza.

Matangazo ya biashara yalimsumbua zaidi kuliko simba, kwa kuwa simba hutokea mara moja moja. Sauti ya matangazo hubanwa kwa namna nyingine kabisa: hapa hazitupwi data, bali sauti ndogo hupandishwa hadi zikaribiane na kubwa, ili tangazo zima liwe juu muda wote. Dunia imechukua hatua juu ya hilo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa kipimo cha ukubwa wa sauti mwaka 2006, Ulaya ikaweka kanuni yake ya R128 mwaka 2010, na Marekani ikaanza kutekeleza sheria ya kuzuia matangazo yanayopiga kelele kuliko kipindi mnamo Desemba 2012. Kwenye ukumbi wa kijijini, hatua hizo hutimizwa na mtu mwenye rimoti. Mwandishi alimzoea Popi kiasi kwamba alijua tangazo limeanza kabla ya kugeuka, kwa kusikia kucha zake zikielekea mlangoni.

Yaliyofanyika baada ya hapo hayakuhitaji fedha. Sabufa ilinyanyuliwa kutoka sakafuni ikawekwa juu ya stuli yenye kipande cha godoro, na besi ikapunguzwa. Mlango wa uani ukaachwa wazi wakati wa televisheni, ili mnyama asiyetaka aondoke bila kugombezwa. Mbwa akitoka, mtu mmoja aliombwa aangalie kimebadilika nini: kipindi, tangazo, chaja mpya ya simu au taa mpya ya sola, maana vifaa vingi vya bei nafuu hutoa milio ya juu ambayo mtu mzima hawezi kuisikia. Huko Belfast, Deborah Wells na wenzake waliwapigia mbwa wa kituo cha hifadhi aina mbalimbali za muziki, na mwaka 2002 wakaeleza kwamba muziki wa klasiki uliwapumzisha ilhali muziki wa heavy metal uliwaongezea kubweka. Migato hawakuhitaji muziki maalumu. Kushusha sauti kulitosha kumrudisha Popi kwenye nafasi yake.

Linalomuuma mwandishi zaidi ni njuga. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na vyombo vyake akarekodi muziki wa makabila mengi, Wasukuma wakiwemo, na rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini. Vyombo vyake vilikuwa duni ukivilinganisha na simu ya leo. Hata hivyo ngoma nyingi za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, zinazorekodiwa sasa huenda moja kwa moja kwenye faili zilizobanwa, zikatumwa kwa WhatsApp zikabanwa tena, zikarushwa hewani zikabanwa mara ya tatu. Kila ubanaji hutupa kitu, na kilichotupwa hakirudi. Vijana watakaotaka kujua mguu wa mchezaji ulipiga vipi njuga mwaka huu watakuta mvumo wa "shshsh".

Njia ya kuziokoa ipo kwenye mifuko yao. Programu nyingi za kurekodi kwenye simu zina sehemu ya kuchagua WAV badala ya MP3 au AAC. WAV ya chaneli mbili, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, hula takriban megabaiti 11.5 kwa dakika, na kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 40. Simu iwekwe hatua kadhaa kutoka kwa wachezaji, si katikati ya ngoma kubwa, na faili lile la kwanza lihamishiwe kwenye kompyuta ya shule au ya ofisi ya kata kabla ya kutumiwa mtu yeyote. Nakala za WhatsApp zinaweza kufuata baadaye. Mavuno ya pamba na mtama yakikamilika, kuanzia Juni, vikundi vinarudi uwanjani, na huo ndio wakati wa kuanza.